Tatu Kabla ya Saa ya Rahu

Huku Frisco, Texas, watu wengi wanamjua Niharika Kommineni kama "yule msichana wa popo," na wakilitamka hilo wanashusha sauti kidogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Mimi naitwa Lasya, binamu yake. Baba yake ni kaka wa baba yangu, nyumba zetu zinagawana uzio wa mbao wenye ubao mmoja uliolegea, na kwa kupitia ubao huo nimekula nusu ya chakula cha kwao tangu nizaliwe. Kwa hiyo nina haki ya kumsema nitakavyo. Leo namsema vizuri. Mwambieni afurahie, haitajirudia.

Niha ana miaka kumi na sita, miwani mizito, na tabia ya kutembea akiangalia juu. Ameshagonga nguzo zote za maegesho ya hekalu letu, nadhani nyingine mara mbili. Ukimkuta kwenye sherehe hasemi kitu, anakula tu wali wa maziwa ya mgando pembeni kama mzee aliyechoshwa na dunia. Lakini mtajie popo. Jamani. Utajuta. Mimi niliwahi kumuuliza swali moja tu kuhusu masikio ya popo, nikatoka pale nikiwa nimekua.

Mwaka jana alianza kwenda hekaluni kila Jumamosi jioni bila kulazimishwa. Mama yake, yaani mama mkubwa Sarala, alifurahi mpaka akaweka status: "Watoto wetu wa Marekani hawajapotea." Kumbe Niha hata viatu alikuwa havui. Alikuwa anabaki nje, kwenye maegesho, kwa sababu popo wanaishi kwenye ule mnara wa hekalu na jua likizama wanatoka kula wadudu kwenye taa. Alikuwa na kidude alichoazimwa na mwalimu wake wa baiolojia, kinachoshika zile sauti za popo ambazo sikio letu halizipati na kuzigeuza ziwe tik-tik-tik. Akina mama wakipita na sahani zao za maua walidhani ni mashine ya kuhesabia sala. Mmoja aliuliza inauzwa wapi.

Sasa, ikifika Januari, mtaa wetu unapatwa na homa. Siyo mafua. Ni maombi ya programu za kiangazi. Vyuo na vituo vya utafiti vinachukua wanafunzi wa sekondari wiki kadhaa wakati wa likizo, nafasi chache, waombaji maelfu, na kwa watu wetu mtoto anayekaa nyumbani kiangazi kizima akila maembe anatazamwa kama mtu aliyetoka jela. Swali halikuwa kama utaomba. Swali ni ngapi.

Mama Advaith ndiye aliyewasha moto. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na ana kipaji cha kuleta chatine ya giligilani pale tu anapokuwa na la kutangaza. Alikaa jikoni kwa mama mkubwa, akapuliza chai yake, akasema, "Mwanangu Advaith mwaka huu anaomba kidogo tu. Ishirini na moja."

"Kidogo," mama mkubwa alisema, akitabasamu kwa meno tu.

"Tulitaka thelathini, lakini mtoto anahitaji kulala. Niha je?"

Niha alikuwa anapaka siagi ya karanga kwenye mkate. Hakugeuka. "Moja."

Mama Advaith akaweka kikombe chini.

"Anatania," mama mkubwa alisema.

"Sitanii."

"Anatania sana huyu," mama mkubwa akasema tena, akamjazia mgeni kikombe mpaka chai ikamwagika kwenye sosa.

Hiyo moja ilikuwa kambi ya popo. Kuna kituo cha utafiti kwenye milima ya West Virginia, karibu na mapango, na kila kiangazi kinachukua vijana wachache wanaokaa wiki sita wakipima na kurekodi popo pamoja na wanasayansi. Niha aliijua tangu darasa la saba. Hawakutaka alama zako za mtihani. Walitaka insha moja na rekodi uliyoifanya mwenyewe, ukieleza kila mlio ndani yake ni wa nini: huyu anatafuta, huyu amempata mdudu, hawa wawili wanagombana. Kazi ya jioni nyingi, kusikiliza na kukata na kusikiliza tena.

Mgeni alipoondoka, kikao kikaanza. Baba mkubwa Venugopal akaitwa kutoka chumba chake cha kazi. Yeye kazi yake ni kupima programu za kompyuta na kutafuta makosa ya wenzake, na nyumbani anaendelea bila malipo.

"Moja?" alisema. "Niha, hata kandambili zinanunuliwa mbili."

"Baba, naitaka ile tu."

"Sikiliza hesabu. Kila programu inachukua watu watano katika mia. Ukiomba kumi na nne, tano mara kumi na nne ni sabini. Asilimia sabini unapata!"

"Kwa hiyo nikiomba ishirini na moja napata asilimia mia moja na tano? Nitaingia mimi na kidole cha Advaith?"

Baba mkubwa akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Bibi yetu, Bibi Rajyam, aliyekuja kutoka Guntur, India, kukaa nao nusu mwaka, alicheka kwenye kochi mpaka bangili zikalia. "Kakupata, Venu."

"Kwa nini kumi na nne hasa?" niliuliza.

Mama mkubwa alijibu bila kupepesa. "Kumi na tatu ina nuksi. Kumi na tano ni tamaa."

Niha alipanda mpaka tatu. Aliongeza mbili alizozipenda kweli: moja ya sauti na moja ya wadudu. Zaidi ya hapo akagoma. Basi jambo likapelekwa kwenye mahakama kuu, yaani grupu letu la WhatsApp linaloitwa "Kommineni Wote, Siasa Hapana." Mjomba wa Kuwait akapiga kura ya kumi na nne. Shangazi wa Hyderabad kumi na nne, na akaweka picha ya mwanawe akiwa na kombe. Bibi alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu akiwa chumba cha pili, tukausikia mara mbili, mara moja kwa simu na mara moja kupitia ukutani, na bado hatukujua amepiga upande gani. Tatu ilipata kura mbili: ya Niha na yangu. Mama yangu alinitazama kama nimeuza nchi.

Hivyo ikawa kumi na nne.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mwalimu wa baiolojia, Bwana Dorsey, mzee mwenye ndevu zenye makombo, yule yule mwenye kidude. Kila programu ilitaka barua ya mwalimu. Niha alimpelekea majina kumi na manne, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa natumikia adhabu ya kuchelewa kwenye darasa lake. Akayasoma. Akavua miwani.

"Kila mwanafunzi namwandikia barua tatu, Niharika. Unajua kwa nini?"

"Muda?"

"Hapana. Ya nne naanza kusema uongo."

Niha alirudi nyumbani na maneno hayo kama zawadi. Baba mkubwa hakuyumba. "Kuna walimu wengine. Yule wa mazoezi?"

"Baba, yule ananiita Nikita."

"Basi Nikita ataombewa vizuri."

Mwezi ule wote nilimwona binamu yangu akigeuka kiwanda. Kila jioni insha. Programu ya moyo na mishipa, ya madaraja, ya uchumi, ya roboti, ya sheria, ya saruji, naapa ipo ya saruji. Na kila moja lazima ianze na mapenzi ya utotoni. Nilikuwa nakaa kwenye zulia lake nikimsomea kwa sauti ili tucheke.

"'Tangu nikiwa mdogo, saruji imekuwa ikinivutia.' Dada, hebu niambie, ilikuvutiaje? Ilikukonyeza?"

"Niache."

"'Tangu nikiwa mdogo nimeota kuhusu viwango vya riba.' Uliota? Ulikuwa umekula nini?"

Bibi alikuwa anapita na shanga zake za sala, akasimama mlangoni. "Huyu mtoto anaposwa na nyumba ngapi?"

"Kumi na nne, Bibi."

"Na kila nyumba anawaambia ni wao peke yao?"

"Kila nyumba."

"Mh," Bibi alisema. "Siku wakutane wote harusini." Akaenda zake.

Tulicheka, lakini Niha aliacha kucheka mapema kuliko mimi. Jumamosi mbili zilikuwa zimepita hajaenda hekaluni. Rekodi za popo alizozikusanya tangu Oktoba zilikuwa kwenye kompyuta, hazijaguswa. Kesho yake alinikuta kwenye ule ubao uliolegea.

"Lasya, wale watu wa mapango wanasikiliza popo maisha yao yote. Nikiwapelekea kitu nilichokifanya kwa haraka watajua kwa sekunde. Nikituma kumi na nne, ile ya popo itafanana na zile za saruji."

"Sasa utafanyaje?"

Alisukuma miwani juu. "Nitafanya tatu kama binadamu. Nyingine nitazipika kwa mabaki."

Na ndivyo alivyofanya. Zile kumi na moja zilikuwa biriani ya jana: sentensi ya moyo ilihamia kwenye madaraja, ya madaraja kwenye sheria, pale penye "damu" pakawekwa "magari." Jioni zake zote akarudisha kwa popo. Alisikiliza mpaka akawa anaota tik-tik. Alirudi maegesho ya hekalu, Februari baridi imekaza, mama yake akamsifia tena kwa ibada.

Mama mkubwa kwa upande wake alichagua siku. Kitu kikubwa kama hiki hakitumwi tu kama meme. Ijumaa, siku ya Lakshmi, mungu wa neema, shule imefungwa kwa ajili ya mkutano wa walimu, wote nyumbani. Kompyuta ikawekwa mbele ya picha za miungu, ikapakwa nukta ya kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, kwenye paji la uso, kama kompyuta ina paji la uso. Maua, ndizi, nazi ya kupasua. Mimi, mama yangu na chatine yetu tulifika mapema. Mama Advaith alifika bila kuitwa.

Ila nazi haipasuliwi bila mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa kwenye kikao cha kazini, mlango umefungwa, akimlaumu mtu kwa kosa la kompyuta. Alipotoka, akisugua mikono, mama mkubwa alikuwa amesimama mbele ya friji akiangalia kalenda ya bure ya duka la peremende.

"Umechelewa, Baba Niha. Saa nne na nusu imepita. Saa ya Rahu imeingia."

Rahu ni kile kichwa kisicho na mwili kinacholimeza jua. Kila siku ana muda wake, kama saa moja na nusu hivi, na ndani ya muda huo nyumba hii haianzi jambo. Hawanunui, hawasafiri, hawatii saini. Mara moja tu walichukua gari jipya ndani ya saa ya Rahu, na lilikwanguliwa pale pale kwenye geti la muuzaji. Tangu siku hiyo hakuna mjadala.

"Tutakaa mpaka saa sita," mama mkubwa alisema. "Ikipita tu, tunatuma zote. Kuleni ndizi."

Tukakaa. Mama Advaith akaanza kutueleza jinsi Advaith alivyotuma zake. Niha alikuwa anapitisha macho kwenye ukurasa wa kambi ya popo, kwa mara ya mia, nikaona rangi inamtoka usoni.

"Mama. Mwisho ni saa sita mchana."

"Ndiyo, tunatuma saa sita na dakika moja, wataelewa."

"Saa sita ya kwao. Wao wako mbele yetu kwa saa moja." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Inafungwa saa tano ya hapa."

Wote tukaangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na kidogo.

Baba mkubwa, mtafuta makosa, ndiye aliyekuwa ameandika ratiba ya saa za mwisho. Alikaa polepole kwenye kiti.

"Mama, naomba nitume."

"Ndani ya Rahu?" Mama mkubwa alishika ukingo wa meza. Msifikiri alikuwa anaigiza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeombwa amvushe mtoto barabara huku lori linakuja. "Niha, kitu unachokitaka hivi, unataka nikuache ukianze ndani ya Rahu? Kisha ukikosa nijilaumu maisha yangu yote?"

"Nisipotuma nimeshakosa."

"Mama Niha, mwachie tu," mama yangu alisema.

"Wewe gari lenu halijakwanguliwa!"

Niha hakulia. Mimi ningelia, ningegaragara. Yeye alisimama, akaenda kwenye friji, akaanza kuisoma ile kalenda ya duka la peremende kama anasoma lebo ya dawa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mji wa India ilipochapishwa.

"Bibi," alisema. "Saa ya Rahu inahesabiwaje?"

"Mchana," Bibi alisema, "kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama. Unaugawa mara nane. Ijumaa Rahu anachukua fungu la nne."

"Na hii kalenda ni ya jua la wapi?"

"Vijayawada," Bibi alisema. Kisha akaketi wima. "Ee!"

"Huku leo jua limechomoza saa moja na dakika kumi na tisa," Niha alisema. "Linazama saa kumi na mbili na dakika tatu."

"Umejuaje?" Mama Advaith aliuliza, karibu akasirike.

"Popo wanatoka likishazama. Nimekuwa nikiwasubiri tangu Oktoba."

Baba mkubwa alishafungua kompyuta ya kazini. Vidole vyake vilikimbia. Sijawahi kumwona mtu akigawa kwa nane kwa hisia kiasi kile. "Fungu la nne linaanza," alisema, "saa tano na dakika ishirini. Sarala! Rahu hajafika! Bado yuko njiani!"

Mama mkubwa hakumtazama yeye. Alimtazama mkwewe. "Mama? Inafaa?"

Bibi alikuwa anajifunga sari vizuri kama mtu anayekwenda vitani. "Rahu anameza jua lililo juu ya kichwa chako, mwanangu. La Vijayawada saa hizi limeshazama, watu wanakula chakula cha jioni. Lete nazi."

Nazi ilikataa. Baba mkubwa aliigonga kwenye ngazi ya mlango, ikaruka, ikambingirikia Mama Advaith. Akagonga tena. Mwishowe mama yangu akaipasua kwa nyundo ya gereji, maji yakamwagika kwenye soksi za kila mtu, na Niha akabonyeza. Kambi ya popo ikaondoka ikiwa imebaki dakika saba. Halafu ya sauti. Halafu ya wadudu. Tukapiga makofi kama tumerusha roketi.

"Haya, haya!" mama mkubwa alisema, uso umefunguka. "Bado tuna muda kabla Rahu hajaingia. Hizo kumi na moja, upesi!"

Niha alifungua ya nne. Ya moyo na mishipa. Na kwa kuwa mama mkubwa alikuwa ameinama kuiongezea kompyuta kumkumu, aliisoma.

Nilijua. Nilianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"'Tangu mama yangu alipougua moyo,'" mama mkubwa alisoma kwa sauti, "'nimekuwa nikikaa kando ya kitanda chake...'" Akainua macho. "Moyo gani? Nani yuko kitandani?"

"Mama, hiyo ni, yaani, ilikuwa..."

"Siku ya Lakshmi, mbele ya miungu, umenilaza kitandani?"

"Fungua inayofuata," Bibi alisema, akisogea karibu. Bibi hapitwi na kitu.

Inayofuata ilikuwa ya madaraja. Mama yake Niha alikuwa mhandisi wa madaraja aliyeporomokewa na ndoto zake. Baba mkubwa akasoma begani. "Sarala, madaraja umeanza kujenga lini? Nami nilidhani unafanya kodi za watu."

Kwenye ile ya sheria alikuwa amedhulumiwa shamba. Kwenye ya saruji, nisiseme, alikuwa amepoteza kitu kikubwa zaidi. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la sari yake, mabega yakitikisika. Mama Advaith alikuwa ameacha kutafuna ndizi. Nadhani alikuwa anajiuliza mwenyewe ameugua nini katika zile ishirini na moja.

Mama mkubwa hakucheka. Aliuliza polepole, "Na kwenye ile ya popo? Nimekufa?"

"Hapana," Niha alisema. Akaifungua, akasogea pembeni, akaangalia vidole vya miguu yake.

Ilikuwa insha fupi. Niliisoma baadaye mara nyingi. Inahusu jioni moja miaka miwili nyuma, popo alipoingia gereji yao. "Mama yangu anaogopa popo kuliko kitu chochote," iliandikwa. "Alichukua sahani ya chuma na kijiko, akapiga. Kila mlio, popo aliyumba hewani kama mtu aliyemulikwa taa machoni. Nikamwomba mama aache. Akaacha. Akazima taa, akafungua mlango wa gereji, akanishika mkono gizani. Tukasubiri mpaka popo akatoka. Katika wote waliokuwepo mama ndiye aliyeogopa zaidi, na ndiye aliyezima taa. Tangu siku hiyo nataka kujua popo alisikia nini."

Mama mkubwa alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, kumkumu ikabaki kwenye pua.

"Funga," alisema.

"Tufunge nini?" baba mkubwa aliuliza. "Bado kumi na moja. Tuna dakika chache tu!"

"Baba Niha, mimi sitaumwa moyo kwa ajili ya likizo ya mtu. Wala sijengi daraja. Funga."

"Lakini asilimia..."

"Tatu," mama mkubwa alisema. Kisha akamgeukia Mama Advaith, kidevu juu, pua nyekundu. "Sisi tunaomba tatu."

Rahu akaingia saa tano na dakika ishirini, sahihi kabisa, akatukuta tumekaa tunakula nazi.

Grupu lilichachamaa. Mjomba wa Kuwait alituma stika ya mtu anayezimia. Shangazi wa Hyderabad aliandika "Tutawaombea," na sote tunajua hilo ni tusi. Kwa majuma kadhaa mama mkubwa aliulizwa kwenye kila sherehe, na kila mara alisema "tatu" kama mtu anayetaja uzito wa dhahabu yake. Nyumbani, Niha aliniambia, mama yake alikuwa anafungua simu ya binti yake kila asubuhi kuangalia barua pepe.

Machi ile ya sauti ikamkataa. Ya wadudu ikamweka kwenye orodha ya kusubiri. Baba mkubwa alipita sebuleni akiwa na uso wa asilimia sabini. Ikabaki moja. Advaith alikuwa ameshapata mbili kati ya ishirini na moja, na zote mbili hazitaki, maskini, mojawapo ya saruji.

Jumamosi moja ya Aprili nilisikia mtu anagonga ubao wa uzio kwa ngumi. "Lasya! Njoo! Imekuja!"

Nikapenya. Niha alikuwa amesimama katikati ya jikoni na simu mkononi, jina la kituo cha mapango kwenye kioo, barua haijafunguliwa. Na mbele yake, mikono imetandazwa kama golikipa, alikuwa mama yake.

"Usifungue!"

"Mama!"

"Saa ngapi sasa? Jumamosi, fungu la tatu. Wewe mwenyewe uliweka hesabu kwenye friji." Na kweli, ile kalenda ya duka la peremende ilikuwa imefunikwa na jedwali la Niha, jua la Frisco, siku kwa siku. Mama mkubwa aliipiga kidole. "Rahu ameingia sasa hivi. Anatoka karibu saa sita."

"Mama, jibu limeshaandikwa! Rahu atalibadilisha?"

"Kuandikwa ni kwao. Kufungua ni kwetu."

Niha alinitazama. Nilimtazama Bibi. Bibi aliinua mabega. Hesabu ni hesabu.

Tukasubiri. Simu ikalazwa mezani, mbele ya miungu, uso chini. Mama yangu akaja, Mama Advaith akaja, na safari hii alikuja na Advaith mwenyewe, aliyekaa akiitazama ile simu kama inaweza kulipuka. Baba mkubwa alifagia jikoni mara mbili. Niha alitafuna kucha zote, akaanza za kwangu. Bibi pekee alilala usingizi.

Baba mkubwa akasimama na saa ya mkononi. "Tano. Nne. Tatu..."

Niha hakusubiri mbili. Akaigeuza simu, akasoma. Midomo ikatembea bila sauti. Akairudia.

"Sema!" mama mkubwa alipiga kelele. "Sema, au moyo nitaumwa kweli!"

"Wamenichukua."

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Bibi aliamka akauliza nani amefariki. Baba mkubwa alimbeba Niha juu, miwani ikaanguka, Advaith akaiokota na kusema, "Hongera, aisee, kweli," na alimaanisha. Mama yangu alikuwa ameshatuma kwenye grupu kabla Niha hajashushwa chini, na Kuwait ikalipuka kwa maua.

"Kuna maneno chini," Niha alisema, ameirudisha miwani, kioo kimoja kina alama ya kidole. "Mkuu wa kituo ameandika mwenyewe. Anasema rekodi ni nzuri, hasa ugomvi wa wale wawili. Anasema..." Akaanza kucheka. "Anasema siku ya wazazi mama yako aje. Wote hapa wanataka kumwona aliyezima taa. Na sahani aje nayo."

Mama mkubwa alisimama kama aliyepigwa picha. Kisha akageuka, akafungua kabati la chini, akatupa vyombo huku na huku mpaka akaipata. Sahani ya chuma, ile ile, ina bonde pembeni. Akachukua kijiko. Akatoka nje, kwenye nyasi, adhuhuri, sari ya nyumbani na slipa za baba mkubwa miguuni, akaanza kuipiga mtaa mzima usikie.

"Tatu!" alikuwa anapaza sauti. "Tuliomba tatu tu!"

Mbwa wa jirani wakaitikia. Mlango mmoja ukafunguliwa, halafu mwingine. Niha alisimama karibu yake, akicheka na kujifuta macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa nje na haangalii juu.

Mama Advaith alimsogelea taratibu, akamvuta mkono wa blauzi. "Niha, mwanangu," alisema, sauti imeshuka kidogo. "Jumatatu tunachukua gari jipya. Huyu Rahu wa huku anaingia saa ngapi?"